Mama mkwe anasema mlima hauna faida kwa Mkristo: nimjibu nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Ninaishi Tororo, mashariki mwa Uganda, na mume wangu na watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 5. Mimi ni Mteso, mume wangu ni Msamia, kwa hiyo nyumbani tunasema Kiswahili. Likizo ikifika watoto wanashinda ndani, mkubwa na simu, wadogo na televisheni. Mume wangu amependekeza tuwe tunatoka nao mara moja kwa mwezi: tupande Mwamba wa Tororo, siku nyingine tufike kwenye maporomoko ya Sipi, na Desemba tulale nje usiku mmoja. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa maombi kweli, anasema hayo ni mambo ya wazungu na wenye pesa, na kwamba siku hiyo ingefaa zaidi watoto wakiipeleka kanisani. Sitaki kumdharau. Na mimi mwenyewe nina hofu ya hatari. Je, kuna faida yoyote kwa imani ya watoto, au ni matembezi tu?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema hutaki kumdharau mama mkwe wako. Kwa hiyo nitajibu kana kwamba naye ameketi hapo kando yako anasikiliza.

Mwombe afungue Biblia yake ya Kiswahili, ile ya Union tuliyokua nayo, Zaburi ya 120. Juu ya mstari wa kwanza pameandikwa: "Wimbo wa kupanda mlima." Ageuze ukurasa. Zaburi ya 121, maneno ni hayo hayo. Ya 122 vilevile, mpaka ya 134. Zaburi 15 zimebeba kichwa hicho. Sisi tunazisoma tukiwa tumeketi kwenye mabenchi, lakini zilikuwa nyimbo za watu wenye vumbi miguuni, waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Aliyepitia Yeriko aliianza njia hiyo akiwa mita kama 250 chini ya usawa wa bahari, akaimaliza mita kama 750 juu yake. Kupanda tu, na jua kichwani, na mzigo, na mtoto anayeuliza kila baada ya hatua kumi kama wamefika.

Sheria iliwaagiza wanaume, lakini familia zilikwenda. Luka anatuambia wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka, na alipokuwa na miaka 12 walipanda naye. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100. Wakati wa kurudi, Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa kutwa wakidhani mtoto yumo katika msafara, pamoja na jamaa zao na wenzao. Tumezoea kuisoma habari hiyo kwa sababu ya kile alichokifanya hekaluni, na ni sawa. Lakini tazama pia jinsi mtoto huyo alivyokuwa akilelewa: njiani, katikati ya mashangazi na binamu na majirani, kwa siku kadhaa, kila mwaka. Bwana wetu alikulia katika familia ya watu wanaotembea pamoja. Wako mkubwa amempita mwaka mmoja tu.

Basi hili la kwamba ni mambo ya wazungu, sikubaliani nalo hata kidogo, na nadhani mama mwenyewe ana ushahidi wake. Mwezi wa Mei unapoelekea kwisha, huwa anawaona mahujaji wakipita kando ya barabara kuu, wengine wametoka Kenya kupitia Malaba na Busia, fimbo mkononi, rozari shingoni, kandambili zimefungwa kwa kamba. Wanakwenda Namugongo, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kutoka kwenu Tororo mpaka pale ni kama kilomita 200. Wanalala kwenye madarasa na kwenye nyua za makanisa. Wapo wanaokwenda na watoto wao. Na kwa upande wa Waanglikana, wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale walioitwa Balokole, yaani waliookoka, walivuka milima ya Kigezi kwa miguu wakiimba kwenda kwenye makusanyiko kama lile la Kabale la mwaka 1935. Hata lugha yao ya toba ilikuwa lugha ya miguu: waliita "kutembea nuruni". Kilichotupata ni kwamba tulinunua pikipiki, tukapata teksi, na taratibu kutembea kukawa dalili ya umaskini. Nenda ukamuulize mama mkwe wako alikwendaje kanisani alipokuwa msichana. Nina hakika hakupanda boda boda.

Sasa swali lako lenyewe. Faida kwa imani ni ipi?

Kabla ya kuwa mshauri wa familia kanisani nilifundisha sayansi shuleni kwa miaka mingi, na kazi zote mbili zimenionyesha jambo moja. Mtoto akiketishwa sebuleni, baba mbele yake, mama pembeni, akaambiwa "haya, sema una shida gani", hufunga mdomo. Macho manne yanamtazama. Anatafuta jibu litakalomwondoa hapo haraka. Mtoto huyo huyo, mtembee naye njia nyembamba, wewe mbele yeye nyuma, au bega kwa bega na macho yenu yote yakitazama mbele, baada ya saa moja ataanza kuzungumza bila kuulizwa. Kwanza atasema habari za mpira. Kisha za mwalimu. Kisha kutakuwa na kimya kirefu, na ukivumilia usikijaze kimya hicho kwa mawaidha, litakuja swali ambalo limekaa ndani yake miezi sita. Binti mmoja wa miaka 14, nikiwa nimewasindikiza wazazi wake kwenye miteremko ya Wanale juu ya Mbale, alimwambia baba yake akiwa amempa mgongo, akivunja vunja kijiti: "Baba, mimi nikiomba sisikii kitu." Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa amewahi kuambiwa neno hilo katika maombi ya jioni, kwa sababu maombi ya jioni yana mahali pa kusema "Amina" lakini hayana mahali pa kusema "sisikii kitu".

Musa alilijua hili. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 anasema maneno ya Mungu uwafundishe watoto wako kwa bidii, "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Sisi tumeshika "uketipo katika nyumba yako" na tumeikabidhi shule ya Jumapili sehemu iliyobaki. "Utembeapo njiani" tumeiacha kabisa. Mume wako anataka kuirudisha. Mpe mkono.

Kuna faida ya pili, nayo ni ngumu kidogo kuisema. Mtoto anahitaji kuiona imani yako ukiwa umechoka, umelowa, umeogopa, au umekosea. Nyumbani tunaficha. Mlimani haifichiki. Nitakusimulia kilichonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanangu wawili Nyero, kule Kumi, kwenye ile miamba yenye michoro ya kale. Kama hamjafika, fikeni: mwamba mkubwa umeinama kama paa, na chini yake kuna duara ndani ya duara, ndani ya duara tena, zilizochorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao hata majina yao hatunayo. Tulikuwa tumepanga kuondoka Mbale alfajiri. Nikachelewa kwenye kikao cha kamati, tukafika Nyero saa nane mchana. Michoro tukaiona. Mwanangu akaomba tupande juu ya mwamba. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi na radi nilikwisha kuisikia, ndogo, ya mbali. Nikasema twende haraka, tutawahi. Hatukuwahi. Tulipokuwa juu, kwenye jiwe tupu, radi ilipiga shamba lililo jirani kwa mlio ambao sijawahi kuusikia tena, na mwanangu wa miaka sita akajikojolea akiwa ameshika suruali yangu. Tulishuka kwa matako na mikono, jiwe limeshaanza kuteleza kwa mvua.

Kwenye matatu ya kurudi nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ningeweza kusema Mungu ametulinda, tushukuru, na ingekuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote. Nikawaambia: "Radi niliisikia tukiwa chini. Niliipuuza kwa sababu sikutaka mwone safari imeharibika kwa kosa langu la kuchelewa. Nimewatia hatarini. Naomba mnisamehe." Binti yangu hakujibu. Mdogo alilala. Siku tisa baadaye binti huyo alikuja jikoni, akanyanyua sufuria akaiweka tena, akaniambia jambo alilolificha tangu muhula uliopita kuhusu pesa za shule. Akasema, "Wewe ulisema lako." Hicho ndicho ambacho Balokole walikuwa wakikiita kutembea nuruni, nami nilikuwa nimekihubiri mara nyingi kabla wanangu hawajakiona.

Kwa hiyo hofu yako ya hatari naiheshimu, na sitaki uiombee iondoke tu. Itumie. Kwenu hasa, hatari kubwa ya Mwamba wa Tororo ni hiyo hiyo ya radi. Tororo ina sifa ya dunia nzima katika jambo hili: kati ya mwaka 1967 na 1976 zilihesabiwa kwa wastani siku 251 za ngurumo kila mwaka. Siku 251! Hewa yenye unyevu ya Ziwa Victoria inapashwa joto la mchana, inapanda, na kufikia alasiri mawingu yameshajengeka. Kwa hiyo Mwamba hupandwa asubuhi. Muwe mmeanza saa moja na nusu, na ifikapo saa nne muwe mmeshashuka, maana kupanda kwenyewe hakumalizi saa moja kwa mtu mzima, na kwa mtoto wa miaka mitano ongeza nusu. Zipo ngazi za chuma sehemu zilizosimama sana. Mdogo apande katikati, baba nyuma yake, wewe mbele. Ulizieni mtaani mtu anayeijua njia, na mmlipe vizuri.

Wafundisheni watoto kuhesabu. Mwanga wa radi ukionekana, mtoto aanze: moja, mbili, tatu... mpaka asikie mlio. Sauti hutumia sekunde kama tatu kwa kilomita moja, kwa hiyo akifika tisa, radi iko kilomita tatu. Kanuni ninayoifuata ni hii: mlio ukiwahi kabla hujafika 30, matembezi yamekwisha, tafuteni nyumba yenye kuta na paa, au gari lililofungwa. Chini ya mti si mahali. Chini ya mwamba ulioinama kama wa Nyero, ambako sisi tulijibanza, napo si mahali, ingawa mvua haikufikii. Na baada ya mlio wa mwisho subirini nusu saa nzima. Mkiwa mmejikinga ndani, someni Zaburi ya 29: "Sauti ya Bwana i juu ya maji, Mungu wa utukufu alipiga radi." Mtoto wa Tororo aliyeisoma Zaburi hiyo huku bati likitetemeka hataisahau, na ataona inavyomalizika kwa neno amani.

Akitokea mtu wa kukuambia kwamba kuhesabu sekunde ni kukosa imani, mkumbushe aliyesimamishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, kwa kuwa malaika watamchukua. Alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Mambo mengine ya usalama ni mafupi. Viatu vinavyofunga kisigino, wala si kandambili. Maji ya kunywa mbebe yenu. Mtu mmoja anayebaki nyumbani ajue mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Njia za Sipi huteleza hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo pale msiende bila kijana wa pale pale wa kuwaongoza; maporomoko ni matatu, na lile refu linaanguka karibu mita 100, linatosha kwa siku moja. Msijilazimishe kuyamaliza yote.

Kuhusu pesa, mama ana hoja, ila ni ndogo kuliko anavyodhani. Wenye magari makubwa na hema za bei mbaya ndio tunaowaona kwenye picha, ndiyo maana tunafikiri jambo hili ni lao. Mwamba uko mjini kwenu. Chakula ni kile kile mngekula nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga kwenye karatasi. Hata mbuga za taifa, siku Mungu akiwafungulia njia, Mganda hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana kuliko mgeni. Lakini msianzie huko.

Na kulala nje, kwa nini mkanunue hema? Mume wako ni Msamia. Kama bado kuna boma la ukoo huko Busia, upande wa ziwani, nendeni Desemba. Funga turubai kati ya miti miwili, tandika mikeka, chandarua juu. (Ziwani msiogelee mahali penye matete na maji yaliyotulia, konokono wanaobeba kichocho wanakaa humo humo.) Bwana aliwaagiza Israeli wote wafanye hivyo kila mwaka, siku saba, katika vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue jinsi alivyowakalisha walipotoka Misri. Walawi 23. Ni sikukuu kamili ya familia kulala nje, na imeamriwa. Na katika Kumbukumbu la Torati 16 ameongeza kwamba wafurahi, baba na mwana na binti, pamoja na mgeni, yatima na mjane. Nakuomba uangalie watatu hao wa mwisho. Mkitoka, chukueni mtoto mmoja wa jirani ambaye hana wa kumtoa.

Usiku huo zimeni tochi. Desemba mapema usiku mtakiona Kilimia juu, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho wazee walikipa jina hilo kwa sababu ya kulima, maana walikitumia kujua majira ya shamba. Mkubwa wako asome Ayubu 38:31 kwa mwanga wa simu yake, mara moja, kisha aizime: "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia, au kuvilegeza vifungo vya Orioni?" Orioni iko hapo hapo karibu, nyota tatu zilizopangana mstari. Na mkumbuke Abrahamu. Alikuwa hemani, ana hofu ya kufa bila mrithi, na Mwanzo 15:5 inasema Mungu "akamleta nje", akamwambia azihesabu nyota kama anaweza. Ahadi ile ile angeweza kumpa akiwa ndani. Aliona vema amtoe kwanza.

Nina onyo moja, na hapa mama mkwe wako anaweza kuwa msaada kuliko mtu yeyote. Wazazi wacha Mungu hufanya kosa la kuugeuza mlima kuwa mimbari. Kila jani linakuwa somo, kila ndege ni mfano wa kitu, na mtoto anachoka haraka kuliko anavyochoka miguu. Yesu hakusema tuwahubirie watoto kuhusu maua. Alisema, "Yatafakarini maua jinsi yameavyo." Kutafakari kunataka muda, na mtoto wa miaka mitano ana muda kutushinda sisi sote. Mwacheni achuchumae. Niliwahi kusimama robo saa nzima karibu na mtoto wa umri huo aliyekuwa akitazama siafu wakivuka njia. Wadogo wamebeba vibuu, wakubwa wamejipanga kingo zote mbili, taya wazi, vichwa juu kama askari wa msafara. Akaniuliza nani anawapigia filimbi. Nikamwambia ukweli ambao niliufundisha darasani miaka yote: siafu wafanyakazi hawana macho, wanafuata harufu, na hakuna anayewaamuru. Akanyamaza. Jioni bibi yake akafungua Mithali 6, "mwendee chungu, zitafakari njia zake", akasoma na mstari unaofuata, kwamba hana akida, wala msimamizi, wala mkuu. Mtoto akaruka kutoka kwenye mkeka: "Ndiyo hao! Niliwaona!" Mistari hiyo alikuwa ameimbishwa shule ya Jumapili tangu ana miaka mitatu.

Kwa hiyo mstari mmoja unatosha kwa safari moja, na mara nyingi usomwe jioni, baada ya macho kushiba. Na kama siku hiyo haukujia mstari wowote, haidhuru. Kucheka na baba kwenye maji baridi ya Sipi kunamfundisha mtoto jambo kuhusu Baba wa mbinguni ambalo atalielewa akiwa na miaka thelathini.

Tena, mlima usichukue nafasi ya Mungu. Wapo siku hizi wanaosema wao kanisa lao ni msituni. Zaburi ya 121 inauliza, "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" na jibu lake si milima. Kwa hiyo Jumapili asubuhi mko kanisani, wote watano, hapo mama hana haja ya kushindana na mtu. Tokeni Jumamosi, au siku ya mapumziko ya taifa. Tarehe 16 Februari, kwa mfano, ni siku ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwaka 1977. Watoto wengi wanaijua kama siku ya kutokwenda shule tu. Pandeni Mwamba asubuhi hiyo, na mkiwa juu mmekaa mnakula mayai, baba awasimulie alikuwa nani na kwa nini hakunyamaza.

Na mama mkwe? Usimpelekee jibu langu kama hukumu ya mahakama. Mwalike. Sisemi apande ngazi za chuma. Mtafutieni kivuli mahali pazuri chini ya Mwamba, mkeka, chai kwenye chupa, na kazi ambayo ni yake kweli: awaombee mkiwa juu, na mkishuka awasimulie watoto njia aliyoipita kwa miguu alipokwenda kanisani kwa mara ya kwanza, mito aliyoivuka, nani alimshika mkono, wimbo gani waliimba. Msimkatize. Mkubwa wako ashike simu yake amrekodi, kwa maana sauti hiyo hamtakuwa nayo siku zote. Safari ya mwezi unaofuata, kama miguu yake inaruhusu, iwe hiyo: kuifuata njia ya bibi, yeye akionyesha kwa fimbo, wajukuu wakitangulia.